Damu ya kitovu na seli shina: maswali wanayotuuliza wajawazito mara kwa mara

Nimefanya kazi ya ukunga kwa miaka mingi. Tangu kampuni za kuhifadhi damu ya kitovu zianze kuwafikia wazazi kwa matangazo ya simuni, maswali haya yananifuata kuanzia kliniki hadi leba. Wengi huuliza kama kuna jambo katika ujauzito au siku yenyewe ya kujifungua linaloongeza au kupunguza seli shina zilizomo kwenye damu hiyo. Yapo, tena mengi, ila machache tu yamo mikononi mwa mama. Lile kubwa lililomo mikononi mwetu wakunga linataka liamuliwe kabla uchungu haujaanza.

Seli shina za kwenye damu ya kitovu ni kitu gani hasa?

Mtoto akishazaliwa na kitovu kikakatwa, damu kiasi hubaki ndani ya kitovu na kondo la nyuma. Damu hiyo ni ya mtoto, si ya mama. Ndani yake mna seli changa zinazoweza kuzaa aina zote za chembe za damu: nyekundu, nyeupe na zile sahani zinazogandisha damu. Mtu mzima anazo seli za namna hiyo, lakini nyingi zimejificha kwenye uboho wa mifupa. Kwa mtoto wa tumboni zinazunguka kwenye damu kwa wingi, kwa sababu kazi ya kutengeneza damu inakuwa inahama kutoka kwenye ini kwenda kwenye uboho. Tunazikuta njiani, kwa kusema hivyo.

Mwaka 1988, katika hospitali ya Saint-Louis jijini Paris, Daktari Eliane Gluckman na wenzake walimpandikizia mtoto wa Kimarekani mwenye anemia ya Fanconi, ugonjwa wa kurithi unaoharibu uboho, damu ya kitovu cha mdogo wake wa kike aliyekuwa amezaliwa karibuni. Mtoto yule alipona ugonjwa wake wa damu na akakua hadi utu uzima. Miaka michache baadaye benki ya umma ya kwanza ya damu ya kitovu, inayohifadhi michango kwa ajili ya mgonjwa yeyote atakayelingana nayo, ikaanzishwa New York, na tangu hapo damu ya kitovu imetumika kwa makumi ya maelfu ya wagonjwa duniani.

Wanajuaje kama seli zilizokusanywa zinatosha?

Wanahesabu. Kwanza wanahesabu seli zote zenye kiini. Pili, wanatafuta zile zenye alama iitwayo CD34, ambazo ndizo zilizo karibu zaidi na seli shina zenyewe. Tatu, wanazioteshea kwenye chombo cha maabara kwa takriban siku 14 waone kama zinazaa makundi ya chembe mpya.

Kipimo kilichozoeleka ni kuwa mgonjwa apate angalau seli milioni 25 kwa kila kilo ya uzito wake, zikihesabiwa kabla ya kugandishwa. Piga hesabu mwenyewe: mtoto wa kilo 20 anahitaji seli milioni 500, na mtu mzima wa kilo 70 anahitaji bilioni moja na milioni 750. Mfuko mmoja wa damu ya kitovu huwa na takriban ml 80, mwingine nusu yake, mwingine zaidi ya ml 120. Ndiyo maana kila jambo linalogusa wingi wa damu au wingi wa seli linapewa uzito mkubwa, na ndiyo maana madaktari wa Chuo Kikuu cha Minnesota walifikia hatua ya kumpa mtu mzima mifuko miwili ya watoto wawili tofauti.

Kila ukisoma majibu yanayofuata, kumbuka kuna mambo mawili yanayokwenda kila moja kivyake: ujazo wa damu, na utajiri wa seli ndani ya kila tone. Sababu moja inaweza kupandisha hili na kushusha lile.

Mtoto mkubwa hutoa seli nyingi zaidi?

Ndiyo. Katika mambo yote yaliyochunguzwa, uzito wa mtoto ndio unaojirudia kila mahali. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2001 ulikuta kwamba kila nyongeza ya gramu 500 katika uzito wa kuzaliwa iliendana na ongezeko la asilimia 28 la seli za CD34. Mtoto mkubwa ana damu nyingi zaidi, na kwa kawaida kondo lake ni zito na mishipa yake ni mipana.

Hapo naona mama ameshaanza kuwaza ale mara mbili. Tafadhali usifanye hivyo. Mtoto aliyenenepa kupita kiasi huleta shida ya mabega kukwama, kuchanika, na sukari yake kushuka baada ya kuzaliwa. Tunachotafuta ni mtoto aliyekua kufikia uwezo wake: asiyenyimwa chakula na kondo bovu, asiyedumazwa na malaria, asiyepungukiwa kwa sababu mama yake ana upungufu wa damu. Mambo hayo ndiyo ya kuhangaikia, na faida yake kwa mtoto ni kubwa mara elfu kuliko ya mfuko uliohifadhiwa kwenye jokofu.

Hii ni mimba yangu ya nne. Seli zitakuwa chache?

Kwa wastani, ndiyo. Utafiti huohuo wa 2001 ulikuta kila uzazi uliotangulia ukiendana na upungufu wa asilimia 17 wa seli za CD34. Mzaliwa wa kwanza ndiye mwenye bahati hapa. Lakini wastani hauzai. Mama ndiye anayezaa. Nimeona mzazi wa tano mwenye kondo zito lililojaa damu, na mzazi wa kwanza mwenye kondo dogo lenye mabaka meupe.

Umri wangu unaathiri? Na kama mtoto ni wa kike au wa kiume?

Kidogo mno, na tafiti hazikubaliani. Usipoteze usingizi kwa hilo.

Mtoto akizaliwa njiti itakuwaje?

Damu ya njiti, tone kwa tone, ni tajiri kwa seli changa kuliko ya mtoto aliyetimiza miezi, maana kazi ya kutengeneza damu bado haijatulia kwenye uboho. Kadiri mimba inavyokaribia wiki 40 seli kwa ujumla huongezeka, lakini zile changa kabisa hupungua. Hata hivyo njiti ni mdogo, na damu inayobaki kwenye kondo lake haijazi mfuko.

Na hata ingejaza, mimi nisingeikusanya. Mtoto njiti anaihitaji kila tone ya damu hiyo iingie mwilini mwake. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2023, uliokusanya majaribio ya nchi nyingi, umeonyesha kuwa kuchelewa kukata kitovu cha njiti kunapunguza vifo. Njiti anapozaliwa, mfuko uwekwe pembeni.

Nilipata malaria nikiwa mjamzito. Inahusiana vipi na seli hizi?

Swali hili vitabu vya Ulaya na Marekani hulipitia haraka, ila kwetu ni la kila siku. Vimelea vya malaria hujikusanya kwenye kondo la nyuma, vikasababisha uvimbe na kuzuia chakula na hewa kupita vizuri kwenda kwa mtoto. Matokeo yake ya kawaida ni mtoto mwenye uzito pungufu, na tumeshaona uzito una uzito gani kwenye hesabu ya seli.

Liko jambo hapa linaloniuma. Katika maeneo yenye malaria nyingi, mwanamke anayeshambuliwa zaidi ni yule wa mimba ya kwanza, kwa sababu mwili wake haujajifunza kupambana na vimelea vinavyong'ang'ania kondo. Yaani uzazi uleule ambao kwa maumbile ungetoa seli nyingi ndio unaoporwa kuliko zote. Kwa hiyo dada wa mimba ya kwanza, meza dawa ya SP ya kukinga malaria kliniki unapopewa, na lala ndani ya chandarua hata kama joto limezidi.

Aidha, benki nyingi za umma za nje huuliza kama mama aliugua malaria au anaishi penye malaria, na zinaweza kuikataa damu hiyo kwa kuhofia kumwambukiza mgonjwa asiye na kinga.

Na presha ya mimba? Kisukari cha mimba?

Presha inayoandamana na protini kwenye mkojo, ile hali inayotangulia kifafa cha mimba, huanza na kondo lisilojishikiza vizuri. Tafiti zimekuta damu ya kitovu ya akina mama hao ina ujazo mdogo na seli shina chache. Mara nyingi pia mtoto hulazimika kutolewa mapema. Kwa mama wa namna hii hatuzungumzii mifuko. Tunazungumzia kupima presha kila mahudhurio, na kumfikisha hospitali anapoona maluweluwe au kichwa kinapouma bila kutulia.

Kisukari cha mimba kina sura nyingine. Mtoto huwa mkubwa, kwa hiyo idadi inaweza kuonekana nzuri. Lakini watafiti waliochunguza seli za nyama ya kitovu kutoka kwa akina mama wenye kisukari cha mimba wamekuta zinakua taratibu na kuzeeka mapema kuliko za wenzao. Wingi si ubora.

Sigara?

Hupunguza. Nikotini hubana mishipa ya kondo, mtoto hudumaa, na seli hufuata mkondo huohuo. Moshi wa mume ndani ya chumba pia usisahauliwe.

Kuna chakula au dawa ya kuongeza seli shina za mtoto?

Hakuna iliyothibitishwa. Nimeona vinauzwa vidonge na unga wa majani kwa madai hayo. Pesa hiyo nunua mayai, dagaa, maharage na mboga za majani. Vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi unavyopewa kliniki vimeze kila siku, hata kama vinaleta kichefuchefu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 30 hadi 60 za chuma na miligramu 0.4 za foliki asidi kwa siku, na mahudhurio manane ya kliniki. Kunywa maji ya kutosha, na anza kliniki mapema.

Kuzaa kawaida na kuzaa kwa upasuaji, ipi hutoa damu nzuri zaidi?

Hapa ndipo ile tofauti ya ujazo na utajiri inapojitokeza waziwazi.

Mama anapopambana na uchungu, mwili wa mtoto nao unapambana. Homoni za msukosuko hupanda, na chembe nyeupe humwagika kwenye damu kwa wingi. Kwa hiyo damu ya kitovu ya mtoto aliyepitia njia ya kawaida mara nyingi huwa na seli nyingi zaidi kwa kila mililita. Upande wa pili, kwenye upasuaji uliopangwa kabla ya uchungu, seli kwa kila mililita huwa chache kidogo lakini ujazo wa damu unaweza kuwa mkubwa. Ukijumlisha, tofauti hupungua, na tafiti zimetoa majibu yanayovutana.

Kwa vyovyote vile, hakuna mkunga wala daktari mwenye akili timamu atakayechagua njia ya kujifungua kwa ajili ya mfuko wa damu. Ukisikia mtu anakushauri hivyo, tafuta ushauri mwingine.

Nimesikia mtoto akichoka tumboni seli huongezeka. Ni kweli?

Ni kweli, na natamani isingekuwa inasemwa kana kwamba ni habari njema. Uchungu ukirefuka, hewa ikipungua na damu ya mtoto ikiwa na asidi zaidi, chembe nyeupe na seli changa hupanda. Vivyo hivyo mtoto akijisaidia ndani ya chupa. Ni king'ora cha mwili. Mtoto wa namna hiyo anataka mikono yetu yote miwili, pengine kupuliziwa hewa, na damu yake inarudi kuwa jambo la mwisho.

Chupa ikipasuka na saa 24 zikapita, au mama akipata homa wakati wa uchungu, hatari ya bakteria kuingia kwenye damu hiyo ni kubwa, na benki makini huutupa mfuko.

Je, kuchelewa kukata kitovu kunapunguza seli za kuhifadhi?

Kunapunguza. Nitakaa hapa kidogo, maana hapa ndipo mzazi anapotakiwa kuamua.

Wakati mtoto anazaliwa, karibu theluthi ya damu yake yote bado iko kwenye kondo. Kitovu kisipobanwa, kinaendelea kupiga, na damu ile inarudi kwa mwenyewe: takriban ml 80 ndani ya dakika moja, zikifikia kama 100 kwenye dakika ya tatu. Rudi juu uone mfuko wa kuhifadhia hujaa kiasi gani. Ni ml 80. Damu inayogombaniwa ni ileile moja, na haiwezi kwenda kwa mtoto ikaenda na kwenye mfuko.

Damu ile humpa mtoto wa miezi kamili nyongeza ya miligramu 40 hadi 50 za chuma kwa kila kilo ya uzito wake. Chuma hicho humlinda na upungufu wa damu katika miezi ya kwanza, wakati ubongo unajengeka kwa kasi. Kwetu, ambako watoto wengi wa chini ya miaka mitano wana upungufu wa damu, na ambako malaria na minyoo vinawasubiri, hiyo ni akiba inayoanza kutumika siku ileile. Shirika la Afya Duniani linasema kitovu kisikatwe kabla ya dakika moja, na kwa kawaida kikatwe kati ya dakika moja na tatu. Chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani kinasema angalau sekunde 30 hadi 60, na kimeandika wazi kwamba ukusanyaji wa damu ya kitovu usibadilishe utaratibu huo.

Usiku mmoja nilikuwa leba na baba mmoja mwenye mapenzi ya kweli kwa familia yake. Alikuwa amelipia kifurushi, na aliyemuuzia alimwambia kitovu kikatwe papo hapo. Mtoto alitoka analia vizuri, na baba akawa ananihimiza, "Sista, kata, kata sasa." Mkewe alikuwa na damu ya gramu 9 tu, yaani pungufu, tangu kliniki. Nilimwomba aweke kidole chake kwenye kitovu asikie kinavyodunda. Akakiweka, akanyamaza. Tulisubiri dakika mbili. Mfuko ulipata damu kidogo, na nadhani maabara iliukataa. Binti yule sasa anatembea.

Unaweza kufanya yote mawili ukisubiri sekunde 60 halafu ukakusanya kinachobaki. Wakati mwingine kinatosha, mara nyingi hakitoshi. Mimi ushauri wangu ni huu: kama hakuna mgonjwa katika familia, mpe mtoto damu yake. Kama yuko ndugu mgonjwa anayehitaji upandikizaji, kaa na daktari wiki kadhaa kabla ya kujifungua, mpange muda wa kukata kitovu kwa kuangalia mahitaji ya watoto wote wawili, na muuandike kwenye kadi yako.

Kumweka mtoto kifuani kwa mama hakuzuii damu kumfikia. Zamani tuliambiwa tumshushe chini ya usawa wa kondo, lakini jaribio la Argentina la mwaka 2014 lilionyesha kuwa watoto waliowekwa tumboni au kifuani kwa mama zao walipokea damu sawa na wenzao.

Na mapacha?

Subiri wote wazaliwe. Pacha wa pili yuko hatarini kuliko wa kwanza, na hakuna cha kukusanya wakati yeye bado yuko ndani.

Damu inakusanywaje? Inaumiza?

Haiumizi mama wala mtoto. Kitovu kikishabanwa na kukatwa, mkunga anakisafisha kwa dawa, anachoma sindano kwenye mshipa mkubwa wa kitovu, na damu inateremka yenyewe kwenye mfuko wenye dawa ya kuzuia isigande. Kufanya hivyo kondo likiwa bado ndani huleta damu zaidi, kwa sababu mfuko wa uzazi unapojibana unasaidia kuisukuma. Baada ya kondo kutoka, damu huanza kuganda mishipani haraka.

Hapa ustadi wa mkono una maana kubwa. Sindano iliyotoboa mshipa upande wa pili, mfuko ulioinuliwa juu badala ya kuwekwa chini, kitovu kisichosafishwa vizuri: yote hayo yanaweza kuharibu damu ya mtoto mkubwa mwenye kondo zuri. Muda nao unahesabiwa. Damu inatakiwa ifike maabara na kuchakatwa ndani ya saa 48 hivi, haitakiwi kuachwa juani wala kugandishwa njiani. Mzazi anayetaka kutuma nje ya nchi aulize barabara: ndege inaondoka saa ngapi, na mfuko utalala wapi kabla ya hapo? Ikishafika hugandishwa kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Huko hukaa miaka mingi. Watafiti wa Indiana waliyeyusha damu iliyokaa miaka 27 wakakuta seli zake bado zina uwezo wa kuzaa.

Jambo moja siwezi kuliacha. Dakika zile baada ya mtoto kutoka ndizo mama anazoweza kumwaga damu hadi kufa. Sindano ya kuzuia damu ichomwe kwa wakati wake, na macho ya mkunga yawe kwa mama. Pale ambapo mkunga ni mmoja na waliojifungua ni watatu, hakuna mtu wa kushika mfuko.

Nina virusi vya UKIMWI, au niliwahi kuwa na homa ya ini. Naweza kuhifadhi?

Benki za umma hazitapokea. Damu ya mama hupimwa UKIMWI, homa ya ini B na C, kaswende na magonjwa mengine. Lakini hilo halikunyimi wewe wala mtoto wako nafasi ya kuchelewa kukata kitovu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kuchelewa huko hata kwa mama anayeishi na virusi. Endelea na dawa zako bila kukatiza.

Mtoto wangu wa kwanza ana selimundu. Damu ya kitovu cha mdogo wake itamsaidia?

Hii ndiyo sababu nzuri kuliko zote nilizowahi kusikia. Tanzania inakadiriwa kuzaa watoto 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na upandikizaji kutoka kwa ndugu anayelingana unaweza kuiponya. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikizia watoto wenye selimundu uboho wa ndugu zao mwaka 2023. Damu ya kitovu ya ndugu nayo imetumika katika nchi nyingine kwa selimundu na thalasemia, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi, na matokeo yake hayakuwa nyuma ya uboho.

Lakini fanya hesabu kwa utulivu. Kama wazazi wote wawili ni wabebaji, yaani wana kasoro ya kurithi ya selimundu bila kuugua, mdogo mtu ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana tishu na kaka yake, na nafasi 3 kati ya 4 ya kutokuwa na ugonjwa. Ukizizidisha unapata 3 kati ya 16. Mdogo akiwa mbebaji tu, bado anaweza kutoa. Basi zungumza na daktari wa damu kabla ya mwezi wa nane wa mimba. Na kama damu ya kitovu haikukusanywa, mlango haujafungwa: mtoto anayelingana anaweza kutoa uboho akikua.

Ni kweli watoto wa Kiafrika wana seli chache kwenye kitovu?

Kwa wastani hesabu ya seli zote zenye kiini huwa chini kidogo. Waafrika wengi wana aina ya kurithi ya chembe nyekundu zinazowakinga na malaria ya vivax, na aina hiyo huambatana na chembe nyeupe chache kwenye damu. Si ugonjwa. Lakini benki za Marekani huchagua mifuko kwa idadi ya seli, kwa hiyo mifuko ya watoto weusi hukataliwa zaidi.

Na hapo kuna dhuluma isiyokusudiwa. Uchunguzi wa mwaka 2014 wa daftari la Marekani la watoaji uboho ulikuta mgonjwa mwenye asili ya Ulaya ana nafasi ya takriban asilimia 75 ya kupata mtoaji anayelingana naye kikamilifu, na mweusi ana asilimia 16 hadi 19 tu. Damu ya kitovu haidai ulinganifu mkali kiasi hicho, kwa hiyo ingekuwa mkombozi wa watu hawa hasa. Ndugu zetu mnaojifungulia Marekani, Kanada au Uingereza, ulizeni kama hospitali yenu inashirikiana na benki ya umma. Kuchangia hakulipiwi, na mfuko mmoja wa mtoto wako unaweza kumfaa mtoto ambaye daftari zima halina wa kumfaa.

Kampuni imeniambia damu hii itamtibu mwanangu ugonjwa wowote baadaye. Niamini?

Usiamini. Kwa saratani ya damu na magonjwa ya kurithi, seli za mtoto mwenyewe mara nyingi hazifai, kwa kuwa zinaweza kubeba kasoro ileile. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kiliandika mwaka 2007 kwamba makadirio ya mtoto kuja kuhitaji damu yake mwenyewe yanaanzia 1 kati ya 1,000 hadi zaidi ya 1 kati ya 200,000. Usonji, kisukari na mtindio wa ubongo bado viko kwenye utafiti; jaribio la Chuo Kikuu cha Duke kwa watoto wenye usonji, lililochapishwa mwaka 2020, halikufikia lengo lake kuu. Ukiulizwa ada ya kila mwaka, uliza nawe: mmehesabu seli ngapi za CD34 kwenye mfuko wangu? Kampuni itakayokosa jibu la maandishi usiilipe.

Bibi anataka zalio lizikwe nyumbani. Tukikusanya damu litakuwa limeharibika?

Hapana. Damu ndiyo inayotoka. Zalio lenyewe hubaki zima, na mkunga bado anatakiwa kulikagua aone kama halikuacha kipande ndani. Baada ya hapo familia inaweza kukabidhiwa kwa utaratibu wa kituo, likafungwa vizuri, na kuzikwa panapostahili. Mwambie mkunga mapema, kabla hujapanda kitandani, ili lisije likapelekwa kwenye shimo la taka za hospitali. Na kipande cha kitovu kinachobaki kwa mtoto, kile kitakachodondoka chenyewe baada ya wiki moja au mbili, kiache kikavu. Kisipakwe kitu chochote cha nyumbani. Kama mmepewa dawa ya klorheksidini, tumieni hiyo, na kikidondoka mpeni bibi akizike.